Mtu wa Usingizi

Bwana aliyewalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa, wauguzi walimwita mtu wa usingizi, na Ratemo, muuguzi mwenzake wa chumba cha upasuaji, alichukia hata jinsi bwana huyo alivyopasha viganja joto kabla ya kumshika mgonjwa. Mtu wa usingizi alikuwa akichunguza kwa nini wagonjwa wengine hutapika wakiwa wamelazwa kwa dawa, wakapaliwa, wakafa. Ratemo huwauliza wagonjwa kwa ukali, "Umekula?" nao hukana, maana huku Kisii nani atamwacha mtu wake aende kwenye kisu na njaa? Yule bwana huketi ukingoni mwa kitanda, akauliza polepole, "Nyumbani wamekupikia nini?" Nao humwambia. Madaktari walimsifu, Ratemo alisema ni maringo tu.

Mwaka wa sabini na tatu mkewe Ratemo, Bonareri, aliletwa kutolewa uvimbe tumboni. "Sijaonja kitu, Baba Kerubo," alimwapia mumewe. Mtu wa usingizi akapasha viganja, akaketi, akauliza. Bonareri akacheka kidogo. "Uji wa wimbi. Mama ameniletea asubuhi hii kutoka Manga."

Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Mke alikuwa ameepushwa na kifo, na Ratemo alipaswa kushukuru. Lakini masikioni mwake kilibaki kile kicheko tu, ambacho nyumbani kwake hakikuwa kimesikika tangu mwaka wa harusi.