Barua Moja Iliyoachwa Wazi

Dada yangu tunamwita Mashine. Anachapa barua za madaktari akiwa nyumbani, kwenye kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na meza ya pasi. Daktari anarekodi sauti, yeye anasikiliza na kuandika. Na masharti yake, weee! Akiinuka hata kwenda kuonja mchuzi, anafunga skrini. Kompyuta haigusi mtoto wala mume. Tulimcheka mpaka basi.

Ila hapo hapo alikuwa na upofu wake. Masikio yamezibwa na spika za kusikilizia, mikono iko kazini, basi simu yake ilikaa mezani na aliyekuwa karibu alimsomea ujumbe kwa sauti. Hata zile namba za kuingilia kwenye akaunti ya kazi, zinazotumwa kwa ujumbe, tulimsomea. Neno la siri lenyewe jina la utani la mwanawe wa kwanza, nani asiyelijua?

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi simu, na alikula na kulala pale pale. Akafungua akaunti ya dada kwenye simu yake mwenyewe, namba akajisomea kwenye simu ya dada pale mezani, ujumbe akaufuta.

Mara tukasikia kwenye duka la simu anakofanya kazi shemeji watu wanacheka ugonjwa wa mama cherehani wa mtaa wa nyuma. Ugonjwa wa kike, wa aibu kuusema, na barua yake ya daktari aliichapa dada. Mama wa watu akafunga kibanda, hatoki nje. Ofisi inayompa kazi ikampa dada siku kumi: aonyeshe siri imetokea wapi, au aondoke. Na nyumba ile inakula kwa mkono wake.

Mama wa usalama wa mitambo kule ofisini akaona simu ngeni inaingia kwenye akaunti ya dada kila mchana, kwa intaneti ya nyumbani kwake. Mchana anayekuja kula ni shemeji tu.

"Nipe mchi nikamvunje vidole!" nikasema.

"Tulia, mdogo wangu. Huyu nitamnyoosha mimi."

Yeye na yule mama wa ofisini wakahamisha barua zote, wakabadilisha kila neno la siri, simu ya dada ikahamia kifuani. Akaunti ya zamani wakaiachia barua moja tu, ya uongo: tajiri wa shemeji, mwenye lile duka, anakojoa kitandani. Tajiri mwenyewe aliombwa ruhusa, akakubali huku anasaga meno.

Siku mbili tu, wateja wakaanza kumuuliza tajiri kama amenunua mpira wa kuzuia godoro lisilowe. Akamfukuza shemeji mbele ya watu wote. Dada akabaki na kazi yake.

Wiki iliyofuata jamaa akamjia dada, mpole ajabu. "Shemeji, nichapie barua ya kuomba kazi."

Dada akaichapa vizuri, bila kosa. Kwenye sababu ya kuacha kazi ya mwanzo akaandika: "Nilifukuzwa kwa kusoma siri za wagonjwa na kuzisambaza." Akatoa nakala mbili, akamsogezea kalamu.

"Saini zote. Moja nampelekea mama cherehani."

Akabaki ameshika kalamu. Dada akafunga skrini, akaenda kuonja mchuzi.