Matundu ya Moyo wa Mbuzi

Harufu ya moyo mbichi, ndugu zangu, ni nzito, ya damu na chuma. Juzi niliipata buchani Nakawa, nikasahau hata nilichofuata, nikarudi utotoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani alitawala Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na Baba alikuwa fundi wa pampu za maji Katwe. Mdogo wangu Zai alikuwa na miaka sita, na midomo yake iligeuka zambarau kila alipokimbia. Daktari alisema moyo wake una tundu. Marufuku kucheza, na mwezi ujao apasuliwe. Mimi tundu nililijua la sufuria tu. Sasa mbona damu haivuji? Nikimuuliza Habuba, ananiambia, "Nyamaza, mtoto, Mungu anasikia." Nikazidi kuchanganyikiwa.

Ikaja Idi ya kuchinja. Kwetu moyo wa mbuzi hauingii chunguni bila kufunguliwa na kuoshwa damu iliyoganda, na mwaka ule kazi hiyo nilipewa mimi. Nikapasua. Lo! Ndani vyumba vinne: viwili vidogo juu, viwili vikubwa chini. Nikachomeka kidole juu, kikatokea chini. Upande wa pili, vilevile. Matundu kila mahali! Na mbuzi mwenyewe asubuhi alitukimbiza uani mpaka tukahema.

Basi daktari mwongo. Nikamwendea Zai, mikono bado ina damu, nikamwambia mioyo yote ina matundu, njoo tucheze kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira. Akavua viatu. Alikwepa mara tatu, akicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Mara ya nne akachuchumaa, midomo imekuwa nyeusi, nami nikapiga yowe.

Baba alimkumbatia Zai, amemkunja magoti mpaka kifuani, kama daktari alivyomfundisha, mpaka pumzi ikarudi. Nilingoja kiboko. Badala yake akanipeleka kwenye beseni, akaufungua ule moyo.

"Tazama. Uliyoona ni milango. Hii ngozi nyembamba ni kama valvu ya pampu: damu inapita, hairudi. Sasa gusa hapa katikati."

Palikuwa na ukuta mnene, mzima.

"Wa Zai umetoboka hapa. Damu safi na chafu zinachanganyika."

Nilishindwa kuelewa kwa nini fundi aliyeshinda pampu zote za Katwe analia mbele ya moyo wa mbuzi.

Zai alipasuliwa, akapona. Leo ana watoto wawili wanaomkimbiza kutwa. Lakini lile kosa langu liliniuma miaka mingi, hadi mwaka jana nikamwomba msamaha. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Dada, nani alikuamini? Nilijua ninaumwa. Lakini tangu nizaliwe, ilikuwa mara ya kwanza unaniita kucheza."

Miaka sita tulimlinda asife, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama yuko mpweke.