Amplifaya Ndani ya Khanga

Yule mama alikuja kwa bajaji, amplifaya ameipakata mapajani, ameifunga khanga. Duka langu liko Kariakoo, kwenye kichochoro ambacho pande zote mbili wanauza chaja na kava za simu. Mimi peke yangu nimebaki na vitu vya zamani: redio za mbao, na amplifaya za gitaa zinazotumia valvu, zile taa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mke mwenzangu."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilimpa stuli, akakaa, akanieleza. Mumewe alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi tangu kabla hawajaoana. Kila mwisho wa wiki mwanamume yuko ukumbini, yeye yuko nyumbani na watoto. Alikichukia kile kisanduku. Kilirudi kikinuka sigara za watu wengine, na kililala chumbani kwao, upande wa mume. Kisha mzee akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu nao, na maneno yakaondoka. Tangu watoke hospitali kule Upanga, mzee alikuwa akiitazama tu amplifaya. Siku moja mama akaichomeka kwenye umeme ili amfurahishe. Ikafuka moshi. Mzee akalia, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake mzazi hakuonekana akilia.

"Hatapiga tena, hilo najua," mama alisema. "Nataka iwake tu. Aione inawaka."

Alipoondoka niliifungua. Kitu cha kwanza kwenye mashine hizi ni kuondoa umeme uliobaki ndani, maana kapasita zake huushika hata waya ukiwa umechomolewa, na unaweza kumuua mtu. Transfoma ilikuwa imeungua. Kapasita zilikuwa zimevimba na kuvuja. Valvu moja kubwa ilikuwa imeingia hewa, kioo chake kimekuwa cheupe kwa ndani kama jicho lenye mtoto wa jicho. Transfoma niliipeleka Gerezani kwa fundi anayezungusha waya upya. Valvu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu siku hizi hakuna duka linaloziweka. Mwishowe niliipata Upanga, kwa bibi mmoja aliyekuwa na gramafoni ya umeme ya marehemu mumewe sebuleni, imekufa zamani. Aliniambia nichukue cha ndani, kasha nimwachie, kwa sababu juu yake ndipo anapoweka picha za wajukuu.

Spika sikuibadilisha. Karatasi yake ilikuwa imechanika, nikaiziba kwa karatasi laini na gundi. Spika mpya ingetoa sauti safi zaidi, lakini mzee hakuizoea sauti safi.

Niliipeleka mwenyewe nyumbani kwao Ilala, jirani na soko la Mchikichini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati limefungwa vifungo vyote. Nilimwamkia. Akaniitikia kwa macho. Nikaiweka amplifaya mbele yake na kuiwasha, na sote watatu tukasubiri. Valvu ziliiva taratibu, zikawa nyekundu nyuma ya wavu. Harufu ya vumbi lililopata moto ikatoka, kisha ule mvumo wa chini. Mzee akafumba macho.

Nilidhani kazi yangu imeisha. Lakini akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha ukutani, palipotundikwa gitaa lake. Mama akanitazama. Nikalitungua, nikalifunga nyuzi nilizokuwa nazo kwenye mkoba, nikalichomeka na kumwekea mapajani. Vidole vya mkono wa kushoto vikaenda vyenyewe kwenye shingo ya gitaa, vikabana nyuzi. Vikatulia hapo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, haumsikii.

Alikuwa akimtazama mkewe.

"Anataka nini?" mama aliniuliza.

"Anataka umpigie, mama. Yeye anabana, wewe piga."

"Mimi sijui."

"Pitisha kidole tu hapo juu ya nyuzi."

Aliufuta mkono kwenye khanga, maana alikuwa ametoka kumenya vitunguu, akapiga magoti kando ya kiti. Akapitisha kidole gumba. Sauti ikajaa chumba kizima, nzito, na mkwaruzo kidogo wa ile spika iliyozibwa. Mama alishtuka akarudisha mkono. Mzee akahamisha vidole, akasubiri tena. Mama akapiga. Mzee akahamisha. Mama alipochelewa, mzee aligonga sakafu kwa mguu wake mzima, na yeye akasema, "Nimesikia, mume wangu, nimesikia," bila hasira yoyote. Niliona machozi yakimtoka huku anapiga. Sikujua niangalie wapi, nikajifanya nakusanya bisibisi zangu.

Baadaye niliambiwa na majirani kwamba ikawa desturi yao, alasiri, baada ya mama kumaliza kupika. Haukuwa muziki wa kuchezeka, walisema, ila hakuna aliyewaomba wapunguze.

Mzee alifariki mwaka huohuo. Nilikwenda kuzika. Wazee wawili wa bendi yake walikuwepo, wamesimama pembeni ya kaburi.

Mama alipomaliza eda alipita dukani, na kikapu mkononi. Alitaka kujua kama mashine ile huharibika ikikaa bila kuwashwa. Nilimwambia ukweli, kwamba huharibika. Kapasita hukauka, ni vizuri iwake kidogo mara kwa mara.

"Hata kama hakuna anayepiga?"

"Hata kama hakuna."

Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza dagaa wazuri siku hizi wanapatikana upande gani wa soko. Nikamwelekeza.