Fensi yangu imenifungia ndani

Jamani, nimefungiwa ndani ya fensi yangu mwenyewe!

Mafundi wamezungusha waya kiwanja chote hapa Kanazi. Geti bado liko kwa fundi wa kuchomelea, Bukoba mjini, kwa hiyo pengo la geti wakaliziba kwa waya ili mbuzi wasiingie.

Wao wako nje wanakaza, mimi niko jikoni nawapikia.

Mara vilio. Mzee jirani yetu amefariki.

Mnajua kwetu, kazi inasimama mpaka tuzike. Mafundi wakabeba vifaa vyote, hadi plaizi, wakaenda msibani.

Natoka na kitenge changu kiunoni... hakuna pa kutokea! Na juu kote ni seng'enge.

Akapita Mama Koku, mkungu wa ndizi wa kupeleka msibani kichwani. Huyu alikuwa anakatiza uani kwangu kila siku, ndiyo maana nikaweka fensi.

"Mama, natokaje humu?"

Akaiangalia fensi, juu mpaka chini.

"Ungeniachia kanjia kangu, mwanangu, tungeenda wote."

Akaenda zake!

Nasikia wameanza kuimba. Mwenye plaizi aje, nawaombeni. Huku usipoonekana kwenye msiba wa jirani, siku yako utajizika mwenyewe.