Mayai ya Kinyonga Asiyejua Dume

Kinyonga wangu aligoma kula, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Nilimwokota akiwa mdogo, siku tuliyokata ua wa miti hapa nyumbani Machakos, nikamfuga peke yake katika kizimba cha wavu barazani. Mama, ambaye kama wazee wengi wa kwetu hataki kumwona kinyonga hata kwa mbali, akaanza kupitia mlango wa nyuma.

Sasa panzi wanamrukia puani, naye hata hawatazami. Anashuka, anakwaruza sakafu ya mbao. Namrudisha tawini, anashuka tena. Aiya! Nilidhani anataka kutoroka. Nikadhani ni minyoo. Nikadhani Mama amemlisha tumbaku, maana nimesikia watu hufanya hivyo kumuua kinyonga, nikamuuliza. Alinuna, hakunisemesha mpaka jioni.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akampapasa tumbo.

"Huyu ako na mayai."

"Ya nani?" nilimaka. "Tangu nimwokote hajaona dume!"

"Kwani kuku wako wa mayai wanaona jogoo?"

Kuku ninao, mayai nauza, na bado sikuelewa. Kuku hutaga akapiga kelele akaenda zake. Huyu wangu alikuwa anakufa. Daktari akaniambia anatafuta udongo wa kina, wenye unyevu. Akiukosa, atayazuia mayai, yatamkwama tumboni na kumuua. Tena, akasema, mayai hayo humnyonya nguvu ya mifupa. Nisage maganda ya mayai ya kuku, nimnyunyizie kwenye panzi wake.

Udongo wa namna hiyo kwetu ulikuwa mmoja tu: gunia la udongo ambamo Mama hupanda sukuma wiki. Nikamweka pale bila ruhusa, roho mkononi. Alichimba mchana kutwa, akazama mpaka mkia. Mama alikuja, akasimama mbali kidogo, mikono kiunoni. Nilingoja matusi, hayakuja.

Kinyonga alipomaliza kutaga na kutoka alikuwa amebaki ngozi, macho yameingia ndani. Akafukia shimo taratibu, akakanyagakanyaga juu. Nikamdondoshea maji, akanywa. Nilifurahi, jamani, karibu nilie.

"Watoto watatoka lini?" Mama akauliza.

"Hawatatoka, mwaitu. Ni mayai matupu."

"Na atataga tena?"

"Atataga. Na kila mara mifupa inazidi kuisha."

"Sasa ni ya nini?"

Mama akakitazama kikopo cha unga wa maganda mkononi mwangu, akakitazama sana.

"Mimi niliwazaa tisa," akasema. "Kila mimba ilienda na jino. Hakuna mtu aliniletea hiyo."

Mimi ndiye kitindamimba wake. Mama akasogea kwenye gunia, akanyoosha mkono wake mtupu, akamngoja kinyonga apande.