Maji ya Ethi

Mimi ni fundi umeme, na sina subira na watu wanaosema umeme ni shetani. Umeme hauna chuki na mtu. Unakwenda pale ulipofungwa uende, basi. Nimewafokea wateja wengi Tabora hii kwa sababu ya vifaa vya ovyo walivyonunua, na wengine wananiita mama mkali huku nawasikia. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua.

Nyumba ya mama yetu ni ya zamani, kuta zake nene za matofali ya tope, na umeme wake ulifungwa kabla sijazaliwa. Nje, nyuma ya jiko, kuna fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini ndani ya bomba la chuma. Hiyo ndiyo ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja usije ukamkuta mtu. Lakini mchanga wa kwetu ukikauka wakati wa kiangazi haupokei kitu. Ndiyo maana mzee aliyenifunza ufundi alituambia ethi ya Tabora humwagiliwa kama mche wa kabichi, tena kwa chumvi kidogo. Nami nikamfundisha mama. Mvua zikishakatika, kila Jumamosi asubuhi alikwenda peku na jagi lake la bati, akashika lile bomba kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya magoti, akamimina.

"Wenzangu watoto wao wamewapa mashamba," aliwaambia wanakwaya wenzake wa Kanisa la Moraviani. "Wangu kanipa shamba la waya. Namwagilia mwaka wa ngapi huu, halioti!"

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Macho yalipona, ila mwanga mkali ulimchoma, na gizani kitabu cha nyimbo hakisomeki. Kaka yangu anayeishi Dar akamtumia swichi ya kisasa iliyotoka nje ya nchi, ile ya kupunguza mwanga kwa simu, au hata kwa kuiambia kwa mdomo. Boksi lilikuwa na stika ya alama ya ubora, na chini yake namba ya cheti.

Ingekuwa ya mteja, ningempigia mtu wa ofisi ya viwango nikamsomea namba ile kabla sijashika bisibisi. Ndivyo nifanyavyo, na ndiyo sababu ya lile jina la mama mkali. Lakini zawadi ya mkubwa kwetu hupokelewa kwa mikono miwili. Huigeuzi huku na huku ukitafuta kasoro mbele yake, na kaka alikuwa mbele yangu kwenye simu ya video, kavaa shati la kazini, anacheka.

"Mbona unaikodolea macho, fundi? Funga tuone."

Nikafungua kisanduku cha chuma ukutani. Swichi za zamani huhitaji waya mbili tu, umeme unaoingia na unaokwenda kwenye taa. Hii ya kisasa ina akili, na akili yake haizimiki, kwa hiyo inahitaji waya wa tatu, nyutro, wa kuurudisha umeme ulikotoka. Nyutro ya chumba kile ilikuwa juu darini. Kuishusha kulitaka kuchimba ukuta, vumbi nyumba nzima, na kesho yake kwaya ilikuwa inakuja kufanya mazoezi sebuleni. Ila mle kisandukuni palikuwa na waya mwingine, wa kijani na njano. Waya wa ethi.

Kila fundi anajua kwamba ukiufunga waya ule mahali pa nyutro, swichi itawaka. Na kila fundi anajua hairuhusiwi. Nikaufunga. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo nishushe nyutro, na nimwekee mama kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kila mwaka nilimwahidi. Mganga hajigangi, na mama yake hamgangi pia.

Mama aliuangalia ukuta kwa heshima. "Baba, naomba upunguze kidogo," akaiambia swichi. Mwanga ukashuka taratibu. Akapiga kigelegele hadi majirani wakaja, na kaka huko Dar akafuta machozi kwa kiganja. Ilikuwa siku nzuri sana. Hata sasa siwezi kusema kwamba haikuwa nzuri.

Mwezi wa nane mama alikwenda Lusu, huko Nzega, kumuuguza mdogo wake. Akaniachia jagi na kuniagiza nimmwagilie shamba lake. Mimi nikapata kazi Usinge, ya kufunga umeme kwenye zahanati, na kazi ikavuta. Wiki tatu hakuna aliyemwagia ile fimbo tone la maji. Wakati huohuo kitu ndani ya swichi kiliungua kimyakimya. Taa haikuzimika. Ila umeme ulikuwa unapita moja kwa moja kwenye ule waya wa kijani hadi kwenye fimbo, ukifika unakuta mchanga mkavu haupokei, unakaa hapohapo ukingoja.

Mama alirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alinipigia, nami nikamsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shamba langu umeliua kwa kiu! Njoo saa sita ule mchana, nimekuletea karanga za Lusu."

Nilifika saa sita. Jirani alikuwa ameshamfunika kwa kanga. Jagi lilikuwa limelala ubavu, na mchanga umeshakunywa maji yote. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikwenda kwanza kuzima umeme wa nyumba nzima, halafu ndipo nikalia.

Kwenye mazishi watani walikuja, kama desturi. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu babu zetu wanabeba mizigo ya misafara hadi pwani, na msiba bila mtani kwetu haujakamilika. Bibi mmoja wa Kizaramo aliyeolewa mtaani kwetu alilikwapua jagi la mama, akainama na mkono kiunoni, akawa anapita kwa waombolezaji akiwamwagia maji miguuni. "Kunyweni, waya zangu! Fundi kasema mkikauka mnakosa adabu!" Watu walicheka kwa machozi, maana alikuwa mama kabisa, mpaka ile sauti. Mimi nilianguka. Wakasema ni uchungu wa mzazi, wakanipepea.

Swichi niliipeleka mwenyewe kwa mkaguzi wa viwango. Alikuwa mtu mpole, alivaa miwani miwili kwa zamu. Namba ya cheti ilikuwa ya kweli, akasema, ila ni cheti cha pasi za umeme. Mwagizaji aliipachika kwenye swichi ambazo hazijawahi kupimwa na mtu yeyote. Akaifungua, akanionyesha kidubwasha kilichoungua, kidogo kama punje ya mtama, kisichofaa kwa umeme wa majumbani. Kisha akauliza, "Nyumba ya zamani hivyo, nyutro ilipatikana wapi? Nani aliifunga?"

"Sijui," nikajibu.

Barua yake ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilieleza ubovu wa swichi na cheti cha uongo. Ya pili ilisema kwamba kwenye tundu la nyutro amekuta kipande cha ganda la waya, rangi ya kijani na njano, na kwamba kwa ufungaji ule ndipo hitilafu ya kifaa ilipopata njia ya kumfikia marehemu. Siku ya arobaini ukoo ulinitaka niisome, maana mimi ndiye mjuzi. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nikaukunja wa pili ndani ya kitenge.

Kaka aliinuka akaenda kusimama uani, uso ukutani. Mtu mzima wa miaka hamsini, anatetemeka mabega. Nilimwona, na nikabaki nimekaa.

Tangu hapo alinipigia kila Jumapili na swali lile lile. "Mdogo wangu, mama aliumia sana?" Nyumbani kwake aling'oa kila swichi ya namna ile, shemeji akanipigia kusema mumewe hali chakula vizuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi minane, na muda wote huo kaka ndiye aliyekuwa akiitembea.

Mwezi wa nne alikuja Tabora. Alikuwa amekonda. Akaniambia ameshaongea na mchungaji, kesho yake ibadani atasimama aungame mbele ya ushirika kwamba zawadi yake ndiyo iliyomuua mama.

Nikaingia chumbani, nikatoa ukurasa wa pili, nikampa. Nikakaa sakafuni, kwa sababu kiti niliona hakinistahili.

Aliusoma mara mbili. "Kijani na njano ni waya gani?"

"Wa ethi."

"Ulijua haufungwi hapo?"

"Nilijua, kaka."

Aliukunja vizuri, akanirudishia.

Kanisani, zamu yake ilipofika, alisimama akasema, "Nilikuja kuungama. Lakini jana nimejua kwamba mwenye neno la kwanza si mimi." Akakaa. Hakunitazama. Kwaya ya mama ilikuwa palepale mbele, kiti chake wamekiacha wazi.

Nikasimama. Nikasema swichi ilikuwa mbovu na cheti chake cha uongo, na hayo ni kweli. Kisha nikasema aliyeifunga kwenye waya wa ethi ni mimi, nikijua, kwa kukwepa vumbi, na kwamba nilimwacha kaka yangu abebe mauti ya mama miezi minane.

Nje, kaka alikuwa ameshika begi lake. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyolelewa.

"Ungeniambia siku ya arobaini, tungebeba wote wawili," akasema. "Sasa na mimi nimechoka, mdogo wangu. Beba."

Akapanda bajaji kwenda stesheni. Nyumba ya mama sasa ina kila kinachotakiwa, nyutro mahali pake na kifaa cha kukata umeme. Kiangazi kimerudi, na Jumamosi asubuhi namwagilia mimi.