Mzunguko wa Kutembea

Uvumilivu uliniishia nilipomkuta mume wangu, Baba Anjela, amelala fofofo shambani, ndege wakila mpunga wetu. Nikambeba mtoto mgongoni hadi shuleni, ambako mume wangu hufanya mazoezi ya mbio za nusu maili. Nikamwambia mwalimu mkuu, kwa lugha ya kisomi niliyoipata sekondari, kwamba mwalimu wa michezo anamuua mume wangu kwa mazoezi.

Mwalimu wa michezo akaitwa.

“Mimi humpa mzunguko mmoja wa kasi, mmoja wa kutembea apumue,” alisema. “Ila akitembea tu, mwanamke fulani humzomea kutoka kwenye matete ya kando ya uwanja: ‘Mvivu we, wenzio wanakupita!’ Basi anaikimbia yote.” Akanitazama. “Sauti yenyewe kama hii yako, mama.”

Mwalimu mkuu akashika kalamu. “Unamshtaki nani?”

“Mke wake,” nikasema.